Mkono wa Mpira wa Baba Mlezi

Kwetu katika Jamhuri ya Hewala hakuna malalamiko. Kuna maoni ya upendo, na kuna maoni ya upendo yaliyopandishwa sauti. Nalitaja hili mapema kwa sababu mimi, Dakta Tindwa Mkomangi, ni mtu wa sayansi, na mtu wa sayansi huanza na yale yaliyokwisha kuthibitishwa na serikali.

Utafiti wangu ni wa mguso. Nilikwenda kuusomea ng'ambo miaka mingi, nikichunguza jinsi binadamu na mashine wanavyoweza kugusana: namna kioo cha simu kinavyoweza kumfanya mtu ahisi anapapasa gunia, au hariri, au ngozi ya mbuzi, ilhali anapapasa kioo. Tasnifu yangu, iliyokuwa na kurasa nyingi kuliko wasomaji, ilithibitisha kwamba mtu akigusa kitu hukihisi, na asipokigusa hakihisi sana. Maprofesa walisimama wakanipigia makofi. Wengine walikuwa wamekwisha kufika mlangoni, lakini walipiga.

Niliporudi nyumbani nikapewa chumba pale Chuo Kikuu, kando ya stoo ya viti vibovu. Nikawa Mkuu wa Idara ya Mguso, na pia nikawa idara yenyewe. Nilikuwa nikijiitia mkutano, nikichelewa, kisha nikijisamehe.

Ndipo gazeti moja likaandika kwamba Baba Mlezi, yaani Rais wetu, haguswi na shida za wananchi.

Gazeti lilifungiwa kabla wino haujakauka. Lakini Baraza la Mawaziri lilikuwa limekwisha kuingiwa na wasiwasi, na Waziri wa Mawasiliano na Upendo, Mheshimiwa Kilungu, akatuma gari kunichukua. Nilimkuta amekalia kiti kikubwa kiasi kwamba miguu yake haikufika chini, na hakuna aliyethubutu kuona hivyo.

"Wewe ndiye daktari wa kugusa?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Tumelichunguza lile gazeti baada ya kulifungia. Tumekuta ni kweli. Tangu aapishwe, Baba Mlezi hajaguswa na mwananchi hata mmoja. Walinzi hawaruhusu. Sasa tunataka aguswe. Aguswe na wilaya zote, lakini asisogelewe na mtu. Sayansi inaweza?"

"Inaweza, Mheshimiwa."

Angeniuliza kama sayansi inaweza kupika pilau ningejibu vivyo hivyo. Nilikuwa nimeambiwa kwenye gari kwamba kuna ofisi yenye dirisha.

Basi nikaunda Mkono. Ulikuwa mkono wa mpira, wenye rangi ya Baba Mlezi alipokuwa kijana, na ndani yake nilitia waya wa kuupasha joto na vihisio vya kupima kila aina ya mguso. Niliupulizia marashi anayoyatumia Baba, maana utafiti umeonyesha kwamba mguso usio na harufu ni nusu ya mguso. Mwananchi angefika kwenye ofisi ya wilaya, angeushika, na mguso wake ungesafiri kwa mitambo hadi Ikulu, kwenye fulana maalumu aliyoivaa Baba Mlezi chini ya koti. Fulana ingetetema na kubonyea vilevile kama mwananchi alivyoshika.

Watu wameniuliza kwa nini mguso wa mkononi ulipelekwa mgongoni. Jibu ni la kitaalamu. Mkono wa kulia wa Baba una kazi ya kusaini, na wa kushoto una kazi ya kupunga. Mgongo ndio uliokuwa hauna kazi.

Mkono wa kwanza niliupeleka Chemkavu, mji niliozaliwa. Nilitaka watu wa kwetu wanione nikishuka kwenye gari la serikali. Walipangwa mstari mbele ya ofisi ya wilaya, na wa kwanza kabisa alikuwa shangazi yangu Nambua, dada wa baba, ambaye ndiye aliyenilea na ndiye aliyeuza ng'ombe wake ili nikasome kugusa.

Shangazi aliusogelea Mkono kwa heshima, akaushika kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo.

"Baba," aliuambia, "shikamoo. Sisi watu wako wa Chemkavu tuna jambo. Pampu ya maji imekufa tangu masika ya mwaka juzi. Zahanati haina hata tone. Mama anayekwenda kujifungua anaambiwa aje na ndoo yake. Tunakuomba Baba utukumbuke."

Akangoja jibu. Mkono ukawa na joto tu, na kunukia.

"Tindwa," akaniita, "mbona hajibu?"

"Shangazi, hausikii. Unahisi tu. Masikio hayakuwamo kwenye mpango."

"Hayakuwamo?"

"Mradi huu ni wa mguso."

Shangazi aliutazama Mkono, akanitazama mimi, akautazama tena Mkono. Kisha akaukamata ule wa mpira kama mtu akamuaye nguo ya kulowa, akaupinda mpaka ukalia. Nyuma yake alikuwa fundi cherehani wa sokoni. Yeye aliukung'uta makofi. Aliyefuata aliufinya. Walikuja wengine na wengine, kila mmoja na maoni yake ya upendo.

Wakati huohuo, Ikulu, Baba Mlezi alikuwa akipokea hati za balozi mmoja mpya. Naambiwa aliruka juu kama senene. Balozi, akidhani ni desturi yetu, naye akaruka.

*

"Dakta," Waziri Kilungu aliniambia kesho yake, "wananchi wana mikono migumu."

"Ni kwa sababu ya kulima, Mheshimiwa."

"Sikuuliza sababu. Ilainishe."

Hapo ndipo nilipobuni kile ambacho, bila majivuno, nakiita kilele cha akili yangu. Kinaitwa Kilainisho. Kilikaa katikati ya mwananchi na mgongo. Kofi lilipoingia, lilitoka likiwa pigo la pole. Kufinya kulitoka kukiwa kubonyeza kwa vidole. Kupinda, kama kule kwa shangazi, kulitoka kukiwa mkando mrefu, wa taratibu, unaoanzia kiunoni ukipanda hadi mabegani.

Sasa, Baba Mlezi alikuwa na ugonjwa wa mgongo. Ulikuwa siri ya taifa, ingawa kila mtu aliyewahi kumwona akiinuka kitini aliujua. Ulitokana na kukalia madaraka. Madaktari wa nchi nyingi walikuwa wameshindwa. Siku ya tatu ya Kilainisho, Baba aliinama mwenyewe akafunga kamba za viatu vyake, na walinzi wakalia machozi.

Aliniita. Ndiyo mara ya kwanza kumwona kwa karibu. Alikuwa mzee mnene mwenye macho ya usingizi, amelala kifudifudi kwenye kochi, amevaa fulana yangu.

"Daktari, huyu ni nani?" aliuliza, sauti ikimezwa na mto. "Huyu wa sasa hivi. Anayetoka kiunoni."

Nikatazama kwenye mtambo wangu. "Chemkavu, Mtukufu."

"Chemkavu!" Alihema. "Kumbe kuna watu wananipenda hivi, wala sijui wako upande gani wa nchi. Kilungu, wapeni nishani."

Wakapewa nishani. Ilipelekwa na helikopta, ikatundikwa kwenye pampu mbovu, maana ndipo palipokuwa na mlingoti.

Mikono ikaenea nchi nzima. Lakini matokeo hayakuwa sawa. Wilaya zilizokuwa na maji na barabara, watu wake walikuja, wakaugusa Mkono kwa adabu, wakaenda zao sokoni. Miguso yao ilikuwa dhaifu. Waziri alinishauri niongeze Kikuzi, chombo cha kukuza mguso mwepesi. "Mzito ulainishwe, mwepesi ukuzwe," alisema, "ili wananchi wote wawe sawa mbele ya mgongo." Nikakitengeneza, lakini Baba akasema anahisi kama anatembelewa na sisimizi. Kikuzi kile sikukiondoa. Kilikuwa kizuri, nami nilikuwa nimekwisha kukiandikia makala.

Ndipo Waziri akaitisha kikao, akaniomba nieleze kwa nini Chemkavu wanafanya vizuri kuliko wengine. Nilisimama mbele ya Baraza zima la Mawaziri. Nilikuwa na mchoro wa rangi.

"Waheshimiwa," nilisema, "data inaonyesha uhusiano wa moja kwa moja kati ya ukosefu wa maji na ubora wa mguso."

Naapa sikupendekeza chochote. Nilionyesha mchoro tu. Kama mtu akikuonyesha moto, nawe ukaunguza nyumba, mwenye kiberiti ana kosa gani? Mafundi waliokuwa njiani kwenda kutengeneza pampu ya Chemkavu walirudishwa walipokuwa wameanza kuuona mji. Wilaya nyingine ikaondolewa daraja lake ili kuinua kiwango. Nyingine ilikuwa na hospitali nzuri mno. Ikahamishiwa daktari asiyependa watu. Matokeo yalipanda kila mahali. Mgongo wa Baba Mlezi ukanyooka kama mnazi, nami nikapata ofisi yenye madirisha mawili. Moja lilitazama ukuta, lakini yalikuwa mawili.

*

Siku moja asubuhi shangazi Nambua akaingia katika ofisi hiyo. Alikuwa amesafiri na kapu la mihogo, na hakuketi nilipomkaribisha.

"Nimekuja kukuuliza, mwanangu. Wewe ndiye mwenye ule mkono. Tunaukamua kila wiki, vidole vimetuota sugu. Mbona pampu haitengenezwi? Sikitu ana mimba kubwa, siku zake zimekaribia."

Sikitu ni bintiye, na kwangu ni dada. Tulikula sahani moja utotoni.

"Shangazi, msiwe na wasiwasi," nilimwambia. "Mnafanya vizuri sana. Mnaongoza nchi nzima."

"Kuongoza kwa nini?"

Ulimi hauna mfupa, na wa mtaalamu aliyepata msikilizaji hauna hata adabu. Nilimweleza yote. Nilimchorea Kilainisho. Nilimweleza jinsi hasira yake inavyoingia huku na kutoka kule ikiwa mkando, na jinsi mgongo wa Baba unavyoihitaji, na kwa nini itakuwa hasara kubwa kwa sayansi pampu ile ikitengenezwa sasa hivi, katikati ya jaribio. Nilimwonyesha na Kikuzi, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari za Kikuzi.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa. Nilidhani amevutiwa.

"Kwa hiyo tunapompiga, anaona raha."

"Kwa lugha nyepesi, ndiyo."

"Na tukimgusa kidogo tu?"

"Mguso mwepesi unakuzwa. Hata wa unyoya."

"Ahaa."

"Umenielewa, shangazi?"

"Nimekuelewa, mwanangu. Ulisomeshwa vizuri." Akainuka, akaniachia mihogo, akaenda zake.

*

Wiki ile alifariki Spika Mstaafu, na serikali ikaandaa mazishi makubwa uwanjani. Mimi nilikuwa nyuma ya hema la Rais na mtambo wangu, maana Baba hakuweza tena kusimama muda mrefu bila fulana.

Baba Mlezi alipanda jukwaani kusoma rambirambi. Uwanja ulitulia kama maji ya mtungini.

"Tumempoteza," alianza kwa sauti nzito, "mtu aliyekuwa nguzo ya... hi!"

Watu wakadhani ni kwikwi ya majonzi.

"Nguzo ya haki... hi hi! Mtu ambaye... aah! Acha! Ambaye maisha yake... hi hi hi hi!"

Nilitazama mtambo. Taa moja tu ilikuwa ikiwaka, ya Chemkavu. Mtu fulani huko alikuwa akiutekenya Mkono kiganjani, kwa ncha ya kidole au kwa unyoya wa kuku, polepole, kwa mapenzi yote. Kilainisho hakikuwa na cha kulainisha, kikaupitisha. Kikuzi kikaupokea, kikafanya kazi yake kama nilivyokiunda. Sijawahi kuona chombo kikifanya kazi vizuri vile.

Nikabonyeza kuzima. Haikuzimika. Kwa mujibu wa kanuni, upendo wa wananchi hauwezi kukatwa bila idhini ya Waziri, na ufunguo ulikuwa kwa Mheshimiwa Kilungu. Nilimtafuta kwa macho. Alikuwa mstari wa mbele, akicheka. Rais anapocheka, waziri afanye nini? Majenerali nao walikuwa wakicheka, vifua vikicheza na nishani zao. Majaji walicheka. Uwanja mzima uliangua kicheko, na Baba Mlezi akajikunja juu ya jukwaa, akipiga meza, machozi yakimtiririka. Mjane wa marehemu, mama wa watu, alijifunika kanga usoni na mabega yakamtikisika. Mpaka leo sijui kwa lipi.

Redio ya taifa ilitangaza jioni kwamba mazishi yalifanyika kwa furaha.

Baba aliivua fulana kwa mikono yake mwenyewe, akaitupa. Aliniuliza akiwa amesimama, naye hakuwa mtu wa kusimama.

"Nani alikuwa akinitekenya?"

"Chemkavu, Mtukufu."

"Wale wanaonipenda?"

"Ndio haohao."

"Mtu gani hasa?"

Nilimjua. Kidole kile nilikijua tangu kilipokuwa kikinitekenya nikikataa kunywa uji. Lakini nilijibu kwamba sampuli haitoshi kufikia hitimisho, na huo, naweza kusema, ndio uamuzi pekee wa kitafiti nilioufanya mwaka ule ambao haukuwa na mchoro.

"Tupeleke kikosi," alisema Waziri. "Wote wakamatwe vidole."

"Kikosi kitanikanda mgongo?" Baba aliuliza. Akaketi taratibu, akikunja uso. Maumivu yalikuwa yamekwisha kurudi. "Hapana. Nataka kwenda mwenyewe. Watu waliokuwa wakinipenda kuliko wote wamegeuka. Nataka kuwauliza nimewakosea nini."

Hakuna aliyewahi kusikia swali kama hilo katika jengo lile, na mpambe mmoja akafunga dirisha.

*

Msafara ulikuwa na magari ya walinzi, gari la wapiga tarumbeta, na boza kubwa la maji safi yaliyotiwa mawaridi. Boza hilo lilikuwa la mikono ya Baba. Kanuni za Ikulu zinasema akigusa kitu chochote nje ya Ikulu, anawe mara moja.

Watu wa Chemkavu walikuwa wamepangwa uwanjani, mbele ya zahanati. Baba Mlezi alishuka akiegemea fimbo. Mimi nilijibanza nyuma ya mpiga tarumbeta mnene.

"Nani alinitekenya?" aliuliza bila kipaza sauti.

Kuku alipita katikati ya uwanja, akatazamwa na watu wote. Kisha shangazi Nambua akatoka mstarini.

"Ni mimi, Baba."

Walinzi wawili wakamshika mikono. Niliona kitenge chake kimelegea kiunoni naye hana mkono wa kukikaza, na miguu yangu ikanitoa nyuma ya tarumbeta pasipo kuniuliza.

"Mtukufu," nilisema, "huyu ni shangazi yangu. Kikuzi ni changu. Kama kuna wa kukamatwa..." Nilitaka kumalizia kwa ushujaa, lakini sauti ilikatika ikatoka kama ya jogoo mchanga. Waziri Kilungu alinitazama kwa masikitiko ya mtu anayepiga hesabu ya madirisha mawili.

Kabla Baba hajasema neno, zahanati ikalia. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ndefu, ikianzia chini. Nesi akatoka mbio mlangoni, aproni imemjaa damu, akaona uwanja umejaa serikali, akasita.

"Maji," alisema. "Ndoo ya Sikitu imekwisha, na mtoto bado. Nani ana maji?"

"Nini hicho?" Baba aliuliza.

"Ni binti yangu, Baba," shangazi alijibu, bado ameshikwa. "Anajifungua. Hakuna maji. Ndilo jambo nililokuambia siku ile, nikakushika mkono nikakuambia, ukanuka marashi tu. Sasa sikuombi pampu. Nakuomba hilo boza."

"Boza ni la mikono ya Baba Mlezi," alisema Waziri kwa haraka. "Ni suala la kanuni."

Baba Mlezi aliitazama mikono yake. Aliigeuza, akatazama viganja, akaigeuza tena.

"Wapeni," alisema. "Mimi sijamshika mtu."

Walinzi wakamwachia shangazi, kwa kuwa walihitajika kubeba ndoo. Askari wa Ikulu wenye glavu nyeupe walipanga mstari kutoka kwenye boza hadi mlangoni. Wapiga tarumbeta wakaweka tarumbeta chini, nao wakabeba. Mimi nilibeba ndoo moja, nikaimwaga nusu juu ya viatu vyangu. Nilikuwa nimesomea mguso, sio uzito. Ndani tuliendelea kusikia ile sauti, na kila ilipopanda Baba Mlezi aliikaza fimbo yake mkononi. Halafu ikanyamaza. Ukimya wa pale sikuupenda. Niligundua kwamba nilikuwa nimemshika mpiga tarumbeta mkono, naye hakuwa ameuondoa.

Kisha tukasikia kilio kingine, chembamba, chenye hasira nyingi.

Shangazi akatoka na mtoto wa kike amefungwa kanga, kichwa kikinukia mawaridi. Alikuja moja kwa moja kwa Baba Mlezi, akamwinulia amwone. Walinzi hawakujua la kufanya. Kwenye kanuni hakukuwa na kifungu cha watoto wachanga. Baba akanyoosha kidole kimoja, kama mtu anayejaribu chuma kama ni cha moto, na mtoto akakidaka.

Akakishika kwa ngumi nzima. Baba akakivuta. Hakikutoka.

"Daktari," aliita bila kugeuka. "Ana nguvu. Punguza."

"Siwezi, Mtukufu. Si mtambo wangu."

"Basi zima."

"Hazimiki, Mtukufu."

Waziri akasogea kumsaidia Baba kukichomoa kidole, na Baba akamtazama, naye akarudi alikotoka. Basi tukasimama pale, serikali nzima, tukingoja mtoto atosheke. Jua lilikuwa kali. Baba Mlezi alihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu, mgongo ukimwuma waziwazi, lakini kidole hakukitikisa.

"Anataka nini?" aliuliza hatimaye, kwa sauti ya chini.

"Kwa sasa," alisema shangazi, "maji tu."

"Mpeni," alisema Baba.

Mtoto akalala, na ngumi ikafunguka.

*

Neno la Baba Mlezi ni sheria, na Mheshimiwa Kilungu ni mtekelezaji makini. Baba alisema *mpeni*, hakusema *wapeni*. Kwa hiyo pampu ilitengenezwa ndani ya wiki ile, na maji yote ya Chemkavu yakaandikishwa kwa jina la mtoto, Sikudhani binti Sikitu. Kuna kibao. Anayekwenda kuchota anatakiwa kisheria kupita kwanza kwa mwenye maji. Watu hupita, husimama mlangoni, husema, "Hodi, mwenye maji," na mwenye maji hupiga chafya au hulia, wao huhesabu kwamba wamekubaliwa. Zahanati huchota bila hodi, maana nesi alisema hana muda wa upuuzi.

Mikono ya mpira ilikusanywa, ikapelekwa kwenye ghala. Mimi sikukamatwa. Nilirudishwa kando ya stoo ya viti, na baada ya muda likaja agizo jipya. Baba Mlezi hapati usingizi. Anasema anataka kushikwa tena kidole, ila Chemkavu ni mbali na mgongo wake hauwezi safari. Nitengeneze mkono wa mtoto mchanga.

Nilitengeneza wa kwanza, akasema ni mlaini mno. Wa pili una nguvu kupita kiasi. Aliutoa akauguza kidole. Nilitia joto, nikatia harufu ya maziwa, nikatia hata ule mtetemo mdogo wa usingizi. Baba huuvaa kidoleni, hufumba macho, hungoja, kisha huurudisha. "Huu hautaki kitu," huniambia. Nimepitia maandiko yote ya fani yetu, na sijaona namna ya kuupima mkono unaotaka kitu.

Basi nikafunga safari kwenda Chemkavu na sanduku la vipimo, nimwulize mtoto mwenyewe. Nilimkuta shangazi Nambua uani akifua. Sikitu alikuwa jikoni akipuliza moto; alinisalimu kwa kunicheka, kama zamani. Mtoto alikuwa mkekani, mnene, ana kidevu cha shangazi.

Nilifungua sanduku. Nikaanza kumfunga Sikudhani waya kwenye kifundo.

"Unamfanyia nini?" shangazi aliuliza.

"Napima mshiko, shangazi. Ni agizo kutoka juu."

"Weka hivyo vidude chini. Mtoto hapimwi kama mchele. Mpakate."

"Shangazi, mimi sijui ku..."

"Tindwa. Mpakate."

Nikampakata. Nilimshika kama mtu aliyeshikishwa mtungi wa watu. Nilimpa kidole changu, cha kulia, kilichoandika makala zote zile. Alikitazama kwa muda, akakisukuma pembeni, akanikamata pua. Alikuwa na mkono wa moto, wenye unyevu, na kucha kama za paka. Nilikaa kimya nisimkatishe. Kisha nikahisi joto likinienea kifuani, likishuka tumboni, likaingia hadi kwenye mfuko wa suruali.

"Shangazi!" nilipiga kelele. "Amenikojolea!"

Sikitu aliangua kicheko jikoni mpaka mwiko ukamdondoka. Shangazi hakuinua hata kichwa kwenye beseni lake.

"Usimtikise, atastuka," alisema. "Kaa hapohapo amalize. Maji yapo."